Katiba ya China: jaji aitumie, au iachwe kwa Bunge?

Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Watu ya China iliijibu Mahakama Kuu ya mkoa wa Shandong, iliyouliza kuhusu kesi moja, kwa maneno machache yaliyowatikisa wanasheria. Msichana wa Tengzhou, mji wa mkoa huo, alikuwa amefaulu mtihani mwaka 1990. Mwenzake akaichukua barua yake ya kuitwa chuoni, akasoma kwa jina la msichana huyo, na kwa jina hilohilo akaajiriwa benki. Jibu lilisema haki ya elimu iliyomo katika Katiba ilivunjwa, hivyo wahusika wawajibike. Alilipwa takriban yuan 98,000. Desemba 2008 mahakama hiyohiyo ililifuta jibu hilo, ikieleza tu kwamba halitumiki tena. Mwongozo wake wa 2016 wa hukumu za madai ukakataza kabisa kuitumia Katiba kama msingi wa hukumu, ingawa misingi yake inaweza kutajwa katika hoja.

Wanaounga mkono katazo hilo wana hoja nzito. Kifungu cha 67 kinaipa Kamati ya Kudumu ya Bunge la Umma mamlaka ya kufasiri Katiba. Jaji wa wilaya huteuliwa na kamati ya kudumu ya bunge la wilaya hiyohiyo. Si rahisi aitangue kanuni ya mkoa. Tena kesi ya Shandong ingemalizwa kwa sheria ya madai, ambayo tayari ililinda haki ya mtu juu ya jina lake. Hapo wako sahihi.

Njia iliyobaki ni kupeleka malalamiko bungeni. Kamisheni ya Masuala ya Sheria ya Kamati ya Kudumu ikiona kanuni ina kasoro, humwandikia aliyeitunga, naye ana miezi 2 ya kusema kama ataibadilisha au ataifuta. Kizuizi cha makahaba na wateja wao, cha miezi 6 hadi miaka 2 bila kufikishwa mahakamani, kilifutwa Desemba 2019 baada ya uchunguzi wa aina hii. Kanuni ikiondoka, nchi nzima inapona.

Lakini malalamiko hayana uzito sawa. Dai la Baraza la Serikali, yaani baraza la mawaziri, au la Mahakama ya Juu la kutaka kanuni ipitiwe lazima lichunguzwe. Pendekezo la raia hupelekwa kwenye uchunguzi rasmi pale tu inapoonekana kuna haja. Sheria zilizopitishwa na Bunge lenyewe hazimo katika uchunguzi huu, nyaraka za Chama cha Kikomunisti zina utaratibu wake, na kanuni za wizara husimamiwa na Baraza la Serikali.

Kinachoniuma zaidi ni hali ya aliyeumia. Uamuzi wa 2019 uliwaachia waliokuwa bado ndani, ila ukatamka kwamba amri zote zilizotolewa kisheria kabla ya hapo zinabaki halali. Aliyemaliza miaka 2 nyuma ya ukuta hakuachiwa msingi wa kudai fidia. Mfumo huu unasafisha vitabu vya sheria vizuri kuliko unavyomtendea haki mtu mmoja mmoja, na sioni kwa nini tuchague kimoja.

Daraja lipo tayari. Mahakama ya Juu imekuwa na haki ya kupeleka dai la uchunguzi tangu Sheria ya Utungaji Sheria ya 2000. Jaji anayekuta kanuni inayogongana na Katiba angesimamisha kesi na kupandisha swali hadi Beijing, kisha jibu likirudi amalize kesi ya mtu aliye mbele yake, fidia ikiwemo. Kinachohitajika ni Mahakama ya Juu kuwa tayari kuitumia haki hiyo hata pale kanuni inayolalamikiwa imetungwa na Baraza la Serikali.