Majeruhi Wetu Hubebwa Upesi Mno

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Ujerumani. Majira ya baridi yaliyopita, gari lililokuwa mbele yangu kwenye barabara kuu liliteleza na kugonga kingo za chuma. Nilitaka kushuka mbio, kama tulivyozoea, lakini mama aliyesimama nyuma yangu alikuwa ameshavaa kizibao cha kuakisi mwanga, akavuka kingo na kurudi nyuma zaidi ya mita 100, pembetatu ya tahadhari ameikinga kifuani ili madereva waione. Alipokwisha kuitega alipiga 112, namba ya dharura ya kule, na hapo ndipo alipomwendea majeruhi. Hakumvuta, alimuuliza jina, akamshika kichwa kisigeuke.

Mama yule hakuwa daktari wala muuguzi. Kule hupewi leseni bila kupitia mafunzo ya huduma ya kwanza, na kumpita mtu aliye hatarini ilhali ungeweza kumsaidia ni kosa linaloweza kukufunga hadi mwaka 1.

Nyumbani huruma tunayo tele, na sijawahi kuona majeruhi akikosa wa kumkimbilia. Lakini hubebwa mzegamzega, huyu kashika kwapa, yule miguu, kichwa kinaning'inia, kisha husukumwa nyuma ya pikapu. Na kama shingo imevunjika, safari hiyo fupi yaweza kumpoozesha maisha yake yote. Pembetatu hukaa kwenye buti ikisubiri ukaguzi wa trafiki, huku lori bovu likitegewa matawi na mawe, ambayo (hili huniudhi kuliko yote) huachwa katikati ya lami lori likishaondoka.

Nitaambiwa kwamba Ujerumani gari la wagonjwa hufika upesi. Ni kweli, na ndiyo maana naona sisi tunayahitaji mafunzo hayo kuliko wao, kwa kuwa majeruhi wetu hukaa muda mrefu zaidi mikononi mwa wapita njia. Kila dereva angepaswa kujua, kabla ya kukabidhiwa leseni, kwamba majeruhi huondolewa haraka garini endapo pana moto au hatari nyingine isiyosubiri. Kwamba damu inayotiririka hubanwa kwa nguvu kwa kitambaa bila kufunuafunua. Kwamba aliyezimia lakini anapumua hulazwa ubavu, na asiyepumua hukandamizwa katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wakati hayo yakiendelea, mmoja atangulie kituo cha polisi kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi.