Denver Nuggets haikuanza na Jokić
Makala yenu inasema Nuggets, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, hawakuwa na lolote kabla ya nyota wao Nikola Jokić na ubingwa wa 2023 wa NBA, ligi kuu ya kikapu huko. Jamani, na 1994 je? Walishika nafasi ya 8 kanda ya Magharibi, wakapangiwa kwenye mtoano Seattle waliokuwa wa kwanza; wa kushinda mechi tatu ndiye anayesonga mbele. Wakafungwa mechi mbili za mwanzo, kisha wakashinda tatu mfululizo! Haikuwa imewahi kutokea kabla katika NBA timu ya 8 kumtoa wa kwanza. Aliyelinda kikapu ni Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa: alizuia mitupo 31 katika mechi hizo tano. Kipenga kilipolia alilala chali sakafuni, mpira kaushika kwa mikono miwili, anacheka. Jezi yake namba 55 imestaafishwa Denver. Mtajeni, tafadhali, marehemu wetu huyu.