Kabla hujanunua kava la kishikwambi lenye kibodi, angalia vitufe kwanza

Mi ni mwalimu wa sekondari na naandika sana, notsi, mitihani, maandalio ya somo, taarifa za idara, barua za vikao vya wazazi, na karibu vyote navifanyia kwenye kishikwambi. Kwa hiyo nikisema makava mengi yenye kibodi yanayouzwa huku kwetu hayafai kuandikia sibahatishi, nasema kwa sababu hiyo ndio kazi ya vidole vyangu kila siku. Na swali lenyewe limekuwa kubwa kwetu tangu vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya Agosti 2022 vilipokabidhiwa walimu, maana ghafla watu ambao hawajawahi kumiliki kompyuta wakawa na kifaa cha kufanyia kazi mkononi, halafu wakagundua kwamba kutunga mtihani wa kurasa nne kwa kugusa kioo ni mateso. Kibodi ya kwenye skrini ikifunguka inakula karibu nusu ya kioo, unabaki unaona mistari michache tu ya ulichoandika, na ukitaka alama ya asilimia au mabano inabidi uhame ukurasa wa vitufe urudi. Mtu akifika hapo ndio anaenda dukani kutafuta kava lenye kibodi.

Na dukani ndio tatizo linapoanzia, kwa sababu kava linauzwa kwa macho. Muuzaji analifungua, kishikwambi kinasimama wima, ngozi inang'aa, sumaku inajifunga yenyewe tap, rangi zipo nyeusi, bluu na ya damu ya mzee, mteja anatabasamu na hela inatoka. Hakuna aliyeandika hata sentensi moja. Yaani umenunua kitu cha kuandikia bila kuandika! Mtu huyo huyo akienda kununua viatu atavaa vyote viwili na kutembea navyo dukani mpaka mlangoni.

Maoni yangu ni haya, na nayasimamia: wengi wetu hatuhitaji kava lenye kibodi, tunahitaji kibodi nzuri inayojitegemea na kava la kawaida la kusimamisha kishikwambi. Wapo wanaohitaji lile la pamoja na nitawafikia, ila ni wachache kuliko wanavyodhani.

Sababu ya kwanza ni vipimo tu. Kibodi ya kompyuta ya mezani, ukipima kutoka katikati ya kitufe kimoja mpaka katikati ya kinachofuata unapata milimita 19 hivi, na safu nzima ya herufi pamoja na vile vitufe vipana vya pembeni ni sawa na upana wa vitufe 15, piga hesabu unapata sentimita 28 na nusu. Sasa kishikwambi cha inchi 10 ukikilaza kina upana wa kama sentimita 24. Cha inchi 8 ni kama sentimita 20 na kidogo. Kava linatengenezwa lienee kishikwambi, kwa hiyo hizo sentimita zinazopungua lazima zikatwe mahali. Kwenye inchi 10 mtengenezaji makini anabana kila kitufe kidogo kidogo na unazoea baada ya muda, ila wa bei rahisi anaacha herufi zilivyo halafu anakata vitufe vya upande wa kulia, pale karibu na Enter. Kwenye inchi 8 kushuka chini, mtu mwenye viganja vya kawaida hawezi kuandika kwa vidole kumi, hata kava liwe la bei gani. Hapo utaandika kwa vidole viwili, na kama ni vidole viwili basi bora ubaki na kioo chako.

Upande wa kulia karibu na Enter kuna nini? Kuna king'ong'o chetu! Ile alama ya juu tunayoitumia kwenye ng'ombe, kung'oa, king'amuzi, Chang'ombe, Lang'ata, inakaa palepale jirani na Enter, na ndio ya kwanza kusogezwa. Nimeshaona kibodi ambazo alama hiyo imepelekwa chini karibu na mishale, na nyingine ambazo huipati mpaka ushikilie kitufe cha Fn kwanza. Anayeandika Kiingereza anaweza asijali sana kwa sababu programu nyingi zinamwekea hiyo alama zenyewe akiandika maneno yake ya kawaida, sisi hatuwekewi na mtu, na bila hiyo alama neno linakuwa kosa mbele ya wanafunzi. Mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha ng'ombe na ngombe kwenye daftari za watoto hawezi kutoa mtihani wenye kosa lilelile eti kwa sababu kibodi ilimchosha.

Halafu kuna herufi A. Tazama maneno yetu yalivyo, A iko kila mahali, na A inabonyezwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kibodi yenye vitufe vigumu au vinavyoyumba, ambavyo visipobonyezwa katikati kabisa havishiki, itakula hizo A zako, utaandika "wnafunzi" na "kzi" mpaka ukasirike. Hii ndio sababu nawaambia watu jaribuni kwa sentensi ya Kiswahili, tena andika haraka kama unavyoandika ukiwa umechelewa. Mi natumia "Ng'ombe wa Chang'ombe hawajanywa maji tangu asubuhi ya jana", ina A za kutosha na ina alama mara mbili, kibodi ikipita hapo bila kula herufi wala kurudia herufi nalipa.

Yale makava ya zamani ya inchi 7 yenye waya mfupi unaochomekwa kwenye tundu la chaji na makucha manne ya kubana pembe za kifaa, hayo achana nayo moja kwa moja. Makucha yanabonyeza kitufe cha kuwashia, yanafunika spika, na kibodi ikiwa imechomeka tundu la chaji limeshatumika, kwa hiyo ama unaandika ama unachaji. Ngozi yake nayo inaanza kubanduka mapema.

Sasa wale wenye uwezo wananiambia mwalimu, acha mambo ya bei rahisi, kuna yale ya kampuni yenyewe. Ni kweli na ni mazuri kwelikweli. Apple walipotoa iPad Pro ya kwanza mwaka 2015 waliweka vidoti vitatu vya chuma ubavuni, kibodi inagusana navyo inapata umeme na mawasiliano hapohapo, huchaji kibodi wala huhangaiki na bluetuthi. Samsung nao kwenye vishikwambi vyao vya Galaxy Tab S wana pini za namna hiyo. Ukiandika kwenye Magic Keyboard ya iPad huna cha kulalamika kuhusu vitufe. Lakini tazama mambo mawili. Bei ilivyotoka mwaka 2020 ilikuwa dola 299 kwa ile ndogo na dola 349 kwa ile kubwa, na hiyo ni bei ya Marekani kabla ya usafiri na ushuru. La pili ndilo linaloniuma zaidi: ilipokuja iPad Pro mpya mwaka 2024, kibodi ile ya 2020 haikuingia, inabidi ununue nyingine kwa bei ileile. Kibodi nzima, vitufe vizima, haina kosa lolote, imestaafishwa kwa sababu kioo kimebadilika. Na uzito pia, ile kubwa ya 2020 ukiiunganisha na iPad yake unabeba kama kilo moja na gramu 350, nzito kuliko laptop ya MacBook Air ya mwaka huohuo. Kama wepesi ndio uliokufanya uchague kishikwambi, wepesi umeshaondoka.

Ndio maana narudi palepale, kibodi ijitegemee. Vishikwambi vinapasuka, vinaibiwa, vinachoka betri, vinabadilishwa, kibodi nzuri inabaki na kuhamia kwenye kifaa kinachofuata. Ile Logitech K380 kwa mfano, ni ndogo inaingia kwenye mkoba wa kawaida, inashika vifaa vitatu kwa bluetuthi na unahama kutoka kishikwambi kwenda simu kwa kubonyeza kitufe kimoja, na inatumia betri mbili ndogo za triple A ambazo kampuni inasema zinafika miaka 2. Betri za kubadilisha ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri, maana makava mengi yana betri ya kuchaji iliyofungwa ndani, na ukiiacha likizo nzima ikiwa imeisha kabisa unaweza kurudi ukakuta haipokei tena chaji, na fundi wa kuifungua bila kuharibu ngozi humpati. Kuna pia K480 ambayo ina mfereji juu, unachomeka kishikwambi kinasimama, hata kava la kusimamisha hulihitaji, ila ni nzito kidogo na vitufe vyake vina kelele.

Na kwa mwalimu ambaye hela haipo kabisa kuna njia ambayo naona haitumiki vya kutosha. Tafuta kile kipande cha OTG cha kuunganisha USB na kishikwambi chako, kina bei ndogo sana, halafu chomeka kibodi ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Shule nyingi zina kompyuta zilizokufa na kibodi zake ziko stoo nzima kabisa. Vishikwambi vingi vya Android vinaikubali hapohapo bila kuweka programu yoyote, na hapo unapata zile milimita 19 kamili. Si kitu cha kutembea nacho, lakini kazi ya mwalimu nyingi inafanyika mezani, ofisini au nyumbani.

Haya, nani anahitaji lile la pamoja? Anayeandika mapajani. Mwandishi wa habari anayefuatilia mkutano akiwa kwenye kiti cha plastiki, katibu wa vikao vya kanisa au msikiti, mtu wa semina zisizo na meza, anayemuuguza mgonjwa na kazi zake anamalizia kwenye benchi la hospitali. Kibodi inayojitegemea hapo haina pa kukaa. Kama ni wewe basi angalia kitu kimoja kwa makini, ule ugumu wa sehemu ya chini. Makava laini yanayokunjwa na kushikwa na sumaku yanasimama vizuri juu ya kaunta ya duka, ila ukiyaweka mapajani yanapinda katikati na kioo kinaanguka nyuma. Yale yenye mguu wa nyuma, mtindo ambao Microsoft waliutoa na Surface mwaka 2012, ni imara mezani lakini mguu unahitaji paja refu, mtu mfupi unamponyoka magotini. Lenye bawaba ngumu kama laptop ndio la mapajani. Mwambie muuzaji akupe kiti, kaa, weka mapajani, andika. Asikuharakishe.

Ile tachipedi ndogo, kile kibao cha kusogezea kishale kwa kidole, inayowekwa chini ya vitufe mi naona haina faida kwenye inchi 10. Inasogeza vitufe mbele, viganja vinakosa pa kupumzikia, na kioo chenyewe unakigusa.

Ukishanunua, chochote ulichonunua, ingia kwenye mipangilio kabla hujaanza kazi. Kwenye iPad, sehemu ya mipangilio ya kibodi ya nje inaonekana tu kibodi ikiwa imeunganishwa, ingia hapo uzime masahihisho ya moja kwa moja, la sivyo kila neno la Kiswahili litageuzwa la Kiingereza nyuma yako wewe ukiwa unaangalia vitufe, na utagundua mtihani umeshachapwa. Kama kibodi ni mtumba na kwenye namba 3 imechorwa alama ya pauni basi ni ya Uingereza, chagua mpangilio wa Uingereza, usipofanya hivyo ukibonyeza alama ya barua pepe utapata alama za kunukuu na ukibonyeza za kunukuu utapata ya barua pepe, na watu wengi wamerudisha kibodi nzima dukani kwa hilo tu. Ile iliyochapwa herufi za Kiarabu pembeni, zinazokuja na mizigo ya Dubai, haina shida, herufi zetu ziko palepale. Ya Kifaransa ndio uiache kama hukuzoea, A imehamia pale ilipo Q, na nimeshasema A ni nini kwetu.

Kuna jambo la bluetuthi pia, kibodi hizi zinalala zenyewe ukiziacha dakika kadhaa ili kuokoa betri, na zikiamka herufi za mwanzo zinapotea. Hilo ni la kawaida, bonyeza Shift kwanza subiri kidogo ndio uendelee. Ila kama zinapotea katikati ya sentensi wakati unaandika mfululizo, hiyo rudisha.

Walio mbali na mjini, wanaoagiza na kupokea mzigo stendi ya basi, najua hawapati nafasi ya kukaa dukani na kujaribu. Chukua rula, pima upana wa kishikwambi chako kikiwa kimelala, andika namba hiyo. Halafu mwombe muuzaji akutumie picha mbili, moja akiwa ameweka rula juu ya safu ya herufi kutoka Q mpaka P, ambayo kwenye kibodi kamili ni sentimita 19 na chini ya sentimita 16 usikubali, na nyingine ya karibu kabisa upande wa kulia pale kwenye Enter, uione ile alama yetu iko wapi. Akisema hana muda wa kupiga picha mbili, hela yako ibaki kwenye simu yako.