Vipokezi vimesifiwa vya kutosha

Ukimuuliza mtu aliyesoma baiolojia pua inanusaje, atakutajia vipokezi, yaani protini zinazonasa chembe za harufu. Ana haki: mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel, kule Marekani, walitangaza ukoo mkubwa wa jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, na mwaka 2004 wakapewa Nobel. Binadamu tuna aina kama 400, na kila seli ya kunusa kwa kawaida hutumia moja tu. Habari tamu, lakini kwa maoni yangu kazi kubwa iko kwenye mpangilio, yaani jinsi mitambo ya kunusa ilivyowekwa ndani ya seli.

Chukua karafuu. Chembe zake za yujinoli, kemikali inayoipa harufu yake, huzama kwenye ute ulio juu kabisa ndani ya pua, mahali ambapo seli ya neva imechomoza vijinywele vyembamba ajabu. Mitambo yote imesogezwa humo: kipokezi, protini ya G inayopokea ishara yake, kimeng'enya kinachotengeneza cAMP (molekuli ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli), na milango ya ioni, yaani chembe zenye chaji, inayofunguliwa na cAMP hiyo. Nafasi ni finyu mno, kwa hiyo hata molekuli chache za cAMP zinapandisha kiwango chake haraka. Kalsiamu inaingia, nayo inafungua mlango wa kloraidi.

Hapo ndipo penye utamu. Kwenye neva nyingi za ubongo uliokomaa, kloraidi, ambayo ina chaji hasi, huingia na kutuliza. Seli ya kunusa imejilimbikizia kloraidi ndani, basi mlango ukifunguka inatoka na chaji yake hasi, na ishara inakolea. (Tusiupambe sana: panya waliozalishwa bila mlango huo bado walinusa.) Muda si mrefu kalsiamu ileile, ikisaidiana na kalmodulini, protini inayoishika, inazima milango ya mwanzo; ni sababu mojawapo ya harufu kufifia ukikaa nayo.

Anayebisha aangalie ugonjwa wa kurithi wa Bardet-Biedl. Jeni za vipokezi ni nzima. Kilichoharibika ni protini zinazosimamia mizigo ya kuingia na kutoka kwenye vijinywele, na wagonjwa wengi hunusa kwa shida au hawanusi kabisa.

Mwaka 2012 watafiti walichukua panya wachanga wenye hitilafu ya IFT88, jeni inayohitajika kujenga vijinywele, hivyo wasio na vijinywele vya kunusia, wakawapelekea jeni nzima puani kwa kutumia kirusi. Vipokezi havikuguswa. Vijinywele viliota, na panya wale, waliokuwa wamedhoofu kwa kutonyonya vizuri (mtoto wa panya hutegemea pua ili anyonye), wakaongezeka uzito.