Msiba wa Ali Darani

Ukitaka kuchezesha watu mchezo wa kuigiza mezani ndani ya ulimwengu wa Star Wars, zile filamu za vita vya angani, dadu zisubiri kwanza. Chagua mwaka. Kalenda ya kule inahesabiwa kutokea vita vya Yavin, siku Death Star, ile ngome ya angani ya Dola, ilipolipuliwa: kuna kabla ya Yavin na baada ya Yavin. Mwaka wa 19 kabla, Jedi, wale mashujaa wa panga za mwanga, wanachinjwa karibu wote. Mwaka wa 4 baada, Palpatine, mtawala wa Dola, anaangushwa pale Endor. Ukiwaweka wachezaji wako kwenye siku kubwa kama hizo, kazi zote za maana zina wenyewe. Wako watabaki kushika taa.

Mimi nikachagua mwaka wa 2 kabla. Dola imekaza, vizuizi kila njia, na mtu mwenye chombo kidogo anaishi kwa kupenyeza mizigo. Watu wa Tanga huhitaji kuwafundisha hilo. Mwambao huu una bandari bubu za kutosha, na fundi baiskeli wetu, tangu usiku wa kwanza, alijua kumwambia ofisa wa Dola kwamba ule mzigo ni dagaa na risiti ziko kwa mjomba.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Refa, ambaye ni mimi, anasimulia. Kila mchezaji ana mhusika wake na anasema huyo mtu anafanya nini. Penye shaka dadu inaamua. Tunatumia kanuni za zamani za kampuni ya West End Games, za mwaka 1987, kwa sababu zinataka dadu za pande sita tu, na hizo tulizikusanya kwenye maboksi ya ludo. Nusu ya watoto wa Ngamiani hawajacheza ludo tangu hapo, lakini hilo si la leo.

Tulikuwa tunakaa kwenye kibaraza cha shangazi yangu, kule Ngamiani zilipo barabara za namba. Fundi baiskeli, mwalimu mstaafu wa historia, binti mmoja wa chuo, na dalali wa viwanja. Watatu wa kwanza filamu za Star Wars wanazijua kwa moyo. Mwalimu anajua hata kwamba Aprili 2014 wenye mali ya Star Wars walitangaza kuwa rundo la riwaya za zamani halihesabiki tena kwenye historia rasmi, na hajawasamehe. Dalali hakuwahi kuona hata tangazo la filamu. Yeye alifuata muhogo wa kukaanga wa shangazi, akabaki.

Sasa meza yetu ina sheria moja ngumu: unachokijua wewe, mhusika wako hakijui. Ukimnong'oneza mwenzako yatakayotokea, unapoteza zamu. Ndiyo iliyotuponza, maana dalali alipopata hela zake za kwanza za kule angani, hakununua silaha wala mafuta ya chombo. Aliuliza, "Refa, huko kuna ardhi ya kununua?"

Ningemjibu nini? Ipo. "Unataka sayari gani?"

"Tulivu. Maji yawepo. Isiwe na fujo."

Binti wa chuo, kwa ushetani wake, akasema, "Alderaan. Milima, maziwa, watu wastaarabu, hata silaha hawana."

Fundi akapaliwa na chai. Mwalimu akatazama juu, akaanza kuhesabu boriti. Kila mmoja pale alijua kuwa Alderaan inavunjwa vipande mwaka ule ule wa Yavin, kwa amri ya Tarkin, mkubwa mmoja wa Dola, ili kumtisha binti mmoja aseme siri. Na hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo.

Dalali akanunua ekari kumi kando ya ziwa, umiliki wa miaka 99. Wiki iliyofuata akaja na ramani aliyoichora mwenyewe kwa rula, imepimwa, ina barabara za mtaa na eneo la soko. Akaanza kuwauzia wenzake. "Mnangoja nini? Alderaan ya leo siyo ya kesho!" Hapo mwalimu aliondoka, akaenda kucheka uani.

Nyuma ya mlango shangazi anakuna nazi, anasikiliza. Jina lile sikioni mwake likawa jina la mtu. Siku moja akaniuliza, "Huyu Ali Darani mwenye viwanja, ni Mdigo au Mbondei?"

Nilikuwa na muhogo mdomoni. "Wa mbali, shangazi."

"Mbali wapi, Lushoto?"

"Mbele zaidi."

"Na watu wake kweli hawana ugomvi?"

"Hawana kabisa."

"Mungu amweke," akasema, akarudi kwenye mbuzi yake. Tangu hapo kila Jumamosi alimuulizia Ali Darani hali yake, na mimi namjibu hajambo.

Kalenda haisimami. Mwalimu alijaribu kuiokoa sayari kwa hoja. Alisema historia haina mkataba na mtu: Novemba 1914 Waingereza walishuka hapa Tanga na jeshi kubwa kuliko la Wajerumani mara nyingi, mpango wote umeandikwa, na nyuki walioshtuliwa na risasi wakaingilia vita bila kuusoma. Kwa nini basi wachezaji wasiwe nyuki? Hoja nzuri. Nikampa dadu, nikamwambia anahitaji namba ya kishujaa. Dadu za ludo zikamletea moja, mbili, moja.

Basi usiku ule dalali akasema, "Nipelekeni Alderaan nikaone bikoni zangu." Nikashusha sauti. Nikawaambia chombo kimetoka kwenye mwendo kasi, mahali ni penyewe, lakini mbele hakuna sayari. Kuna mawe yanaelea, makubwa kwa madogo, yanagonga vioo.

Dalali akatuangalia mmoja mmoja. Pale akaelewa kwamba tulijua. Akasimama, kiti kikaanguka.

"Alderaan? Wamelipua Alderaan?"

"Wamelipua," nikasema.

"Na watu wake?"

"Wote," fundi akajibu, na wallahi machozi yalimlengalenga. "Hakupona hata mmoja."

"Yaa Rabi!" dalali akapiga kelele ambayo nadhani ilifika Chumbageni. Ndani kitu cha bati kikaanguka chini. Sisi tukadhani ni paka.

Alfajiri simu yangu ikaita. Jirani wa shangazi. "Njoo upesi, watu wamejaa, na wewe ndiye mtu wa karibu." Akakata, si unajua watu wetu na vocha. Nikapanda baiskeli kutoka Makorora bila kufunga vifungo vya shati. Kufika kona ya mtaa naona turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, akina mama wa kanga wamejaa kibarazani, wazee wako kwenye mabenchi upande wa pili. Miguu ikakataa pedali. Nikaitelekeza baiskeli barabarani, nikaingia nalia, na mtu wa kwanza kuniona ni shangazi mwenyewe.

"Shangazi! U hai!"

"Mimi ni hai, baba," akanikumbatia. "Ni Ali Darani ndiye hatunaye."

Kabla sijavuta pumzi, mzee mmoja akanishika mkono, akaniketisha. Anataka kujua maiti iko wapi. Nikasema hakuna maiti. Akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Baruti za kuvulia samaki. Tumesema miaka yote, vijana hawasikii."

"Si baruti, mzee. Ilikuwa mashine kubwa ya serikali."

Benchi zima likanyamaza. Serikali ipi? Nikasema si ya hapa, ya mbali sana. Mzee akafikiri, akasema, "Basi kama ni serikali, fidia ipo."

Dalali, ambaye alikuja msibani amevaa kanzu na ramani yake kwapani, akafufuka. Akawasomea wazee Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 kwa kichwa: fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Wazee wakaitikia. Nikamkonyeza mwalimu asimame aeleze ukweli, yeye ndiye mwenye heshima mtaani. Mwalimu akasimama. Akaanza na kalenda ya Yavin, akapita kwenye tangazo la 2014, akateremka mpaka kwa nyuki. Akina mama wakapeana macho. "Maskini mwalimu," nikasikia mmoja, "uchungu umempanda kichwani." Wakamletea maji.

Ikabidi nimvute shangazi jikoni. Nikamweleza yote: kwamba Alderaan ni sayari, ni ya hadithi, tunacheza, na kelele zile zilikuwa za mchezo. Alinisikiliza hadi mwisho, upawa mkononi. Kwenye meko sufuria mbili za mchele zilikuwa zimeshachemka, na daftari la rambirambi lilikuwa juu ya kabati, ukurasa wa kwanza umejaa.

"Hiyo sayari ilikuwa na watu wangapi?"

"Kama bilioni mbili."

"Bilioni mbili wamekufa usiku mmoja kibarazani kwangu, halafu unaniambia hapa hakuna msiba?"

Nikakosa jibu. Akanipa beseni la vitunguu.

Watu walikula, wakashukuru, wakaondoka. Hela za daftari shangazi alizirudisha nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alikaa nusu saa kueleza, kwa hiyo leo nusu ya Ngamiani inamjua Tarkin, na haimpendi. Dalali ameniandikia barua rasmi ya madai, nakala kwa mwalimu. Tukadhani yameisha.

Ijumaa iliyopita, tumekaa tunapanga tuhamie miaka ya baada ya Endor, kijana mmoja wa makamo akasimamisha baiskeli mbele ya kibaraza. Shati jeupe, bahasha ya kaki mkononi. Akatoa salamu vizuri, akauliza kama hapa ndipo.

"Ndipo wapi?"

"Mimi ni mpwa wa marehemu Ali Darani," akasema. "Nimesikia ameacha ekari kumi."

Dalali akamvutia kiti.