Mimi Ni Kuku, Mniache

Jumapili iliyopita, ibada ya pili, tuliletewa mhubiri mgeni. Suti imenyooka, sauti ya mkutano wa hadhara, maikrofoni kaishika kama anataka kuitafuna. Alipofika katikati akasema: "Mgeukie jirani yako, mwambie, wewe siyo kuku, wewe ni tai!" Kanisa zima likageukiana kwa shangwe. Jirani yangu mimi alikuwa bibi mmoja wa jumuiya yetu ya huku Kivule, Dar es Salaam, mfugaji wa kuku wa kienyeji tangu Kivule ikiwa mashamba ya mihogo, na kuku hao ndio waliolipa ada za watoto wake. Bibi akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Basi likanikaa. Wiki nzima naosha vyombo, nasikia tai. Napanda daladala, nasikia tai.

Hadithi yenyewe mnaijua, na kama hamjaihubiriwa mmeshatumiwa kwenye WhatsApp na shangazi. Eti tai akifika miaka 40 mdomo unapinda, kucha zinalegea, manyoya yanakuwa mazito. Anapanda mlimani peke yake, anaugonga mdomo kwenye mwamba mpaka ung'oke, unaota mwingine, anang'olea kucha, kisha manyoya, na baada ya miezi mitano anaruka upya na kuishi hadi miaka 70. Kanisa linasema amina. Mtu analia. Sadaka inapita.

Ndugu zangu, ndege asiye na mdomo hali. Asiyekula miezi mitano amekufa, hakuna cha kuota mwingine wala nini. Mdomo wa tai unakua na kulika maisha yake yote, na manyoya anayabadilisha kidogo kidogo bila kwenda popote. Na tai wa porini kufika miaka 70, sahauni. Hata 40 kwa walio wengi ni mbali mno. Yaani tumesimama madhabahuni, mahali tunapoapia kusema kweli, tukasimulia uongo kuhusu kiumbe wa Mungu, tena kwa msisitizo.

Najiuliza kwa nini uongo huu hauchoki, na jibu nadhani ni jepesi. Hakuna mtu Kivule aliyefuga tai. Hakuna wa kunyoosha mkono na kusema, mtumishi, hapo umetudanganya. Lakini thubutu kusimama mbele yetu useme kuku huangua kwa wiki mbili, uone. Bibi atacheka kabla hujamaliza sentensi, na kina mama wa kwaya nyuma yake, na huyo mtoto wa Sunday school aliyeamka kumwaga pumba asubuhi. Mfano wa nyumbani una mashahidi kanisani, wanaokusikiliza huku wanajua. Ndiyo maana mhubiri mvivu anaukwepa na kwenda kutafuta mfano Marekani, kwenye theluji na treni, au juu ya mwamba ambako hakuna aliyefika.

Najua mtaniletea Isaya 40. Leteni. Tai yumo kwenye Biblia, sibishi; yumo Isaya, yumo Zaburi ya 103, yumo Kumbukumbu la Torati. Ila hiyo Isaya 40:31 isomeni mpaka nukta ya mwisho. Inaanza kwa kupanda juu kwa mbawa kama tai, inaendelea kupiga mbio, na inaishia wapi? Watakwenda kwa miguu, wala hawatazimia. Kwa miguu! Sijawahi kusikia semina ya kwenda kwa miguu, wala fulana yake sijaiona.

Na ile ya kinda la tai lililolelewa na kuku mpaka likajidhani kuku, ile nayo ina mwenyewe na ina sababu. Aliyeivumisha ni James Aggrey, mwalimu kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, mtu aliyefika mpaka huku Tanganyika mwaka 1924 na tume iliyokuwa ikichunguza elimu ya Waafrika. Yeye alikuwa anasema na watu waliofundishwa na mkoloni kwamba wao ni duni. Wakati ule, kwa watu wale, nakubali, ilikuwa dawa. Leo imegeuzwa kuwa ya kumwambia muuza duka la Kinondoni aachane na marafiki zake wa zamani kwa kuwa wao ni kuku na yeye kapata Harrier.

Sasa twende kwa Bwana mwenyewe. Mathayo 23:37, na Luka 13:34 tena, kwa wale wanaodhani ni bahati mbaya. Yesu anailia Yerusalemu, na katika ndege wote aliowaumba Baba yake anachagua kujifananisha na kuku. Siyo jogoo hata. Kuku jike, koo, mwenye vifaranga. Na kwenye Luka amefanya hivyo dakika chache baada ya kumwita Herode mbweha. Fikiria umetishiwa maisha na mtu unayemwita mbweha, halafu unajitambulisha kuwa kuku. Mhubiri wetu angemshauri aseme simba.

Mimi nafuga wachache tu, hata jina la mfugaji silistahili. Lakini masika hii niliona kitu nyuma ya jiko langu ambacho kimenisomea mstari ule kuliko mahubiri yote. Mvua ilikuja ghafla kama inavyokuja huku, matone makubwa, mabati yanalia. Koo alikuwa uani na vifaranga wake, bado wadogo wale ambao manyoya ni pamba tu na joto lao wenyewe haliwatoshi. Akajishusha palepale alipo, akatanua mabawa mpaka yakagusa tope, wakaingia mmoja mmoja, mpaka ukawa unaona vijiguu tu pembeni. Maji yanamtiririka mgongoni, jicho moja amelifumba. Kumbuka yeye angeweza kukimbilia chini ya karo, hatua chache tu. Wao wasingefika.

Mmoja alibaki nje. Alikuwa upande wa pili wa ndoo, analia ile sauti ya juu, anakimbia huku na huku. Koo akawa anamwita kwa mlio mwingine, wa chini, wa kooni, mfululizo. Basi, ni hivyo tu. Hakumfuata, kwa sababu akiinuka hao wengine wanalowa. Hawezi kumkwapua kwa kucha kama tai anavyokwapua. Hana cha kumshikia. Alichonacho ni sauti, na nafasi chini ya bawa. "Ni mara ngapi nimetaka," na mwisho wa mstari, "lakini hamkutaka." Nilikuwa nimeusoma mstari huo tangu kipaimara na sikuwahi kuelewa kwa nini Mwana wa Mungu anaongea kama mtu asiye na uwezo. Sasa nimeelewa. Amechagua ndege asiyeweza kulazimisha.

(Kifaranga alienda, kwa mtakaouliza. Alizunguka ndoo mara ya tatu ndipo akasikia vizuri.)

Na msidhani kuku ni mwoga. Mnawajua kunguru wetu, wale waliopelekwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula uchafu, wakavuka bahari, na leo Dar ni yao na sisi ni wapangaji. Kunguru akitua uani akimlenga kifaranga, koo anayeatamia kivuli cha muembe siku nzima kwa uvivu anaruka juu kimo cha mtu, kifua mbele. Nimeona kunguru anaondoka bila manyoya kadhaa. Mwewe naye anajaribu, na mwewe huwa anashinda, koo anabaki amechanika. Kesho yake anafanya hivyohivyo.

Bibi yule aliniambia jambo wakati tunatoka ibadani, tukiwa tunatafuta bodaboda. Nilimuuliza, "Bibi, umeonaje neno la leo?" Akasema, "Mjukuu wangu, hata mimi natamani kuruka, lakini nani atabaki na watoto?" Halafu akanifundisha kitu cha ufugaji, kama kawaida yake. Ukiwa na vifaranga yatima, mama yao kaliwa, usimpelekee koo mwingine mchana, atawadonoa. Subiri usiku. Wapenyeze chini yake wakati kalala na wa kwake, wawe wa umri mmoja. Asubuhi hahesabu.

Asubuhi hahesabu! Mimi hapo nilitamani kumrudisha bibi kanisani nimpandishe madhabahuni kwa nguvu.

Kwa sababu safu ya nne, upande wa dirishani, alikuwa amekaa mama mmoja ambaye jumuiya nzima tunamjua na sitamtaja. Alifiwa na mdogo wake. Baada ya maziko ndugu wakakaa kikao cha nani achukue watoto. Mliokaa vikao hivyo mnavijua: kaka mkubwa ana ujenzi, mwingine mke wake hajakubali, wa tatu anapiga simu kutoka mkoani kusema tuko pamoja katika maombi. Yule mama hakuchangia neno. Walipomaliza kubishana wakamkuta chumbani anakunja sare za shule za wale watoto na kuzipanga kwenye mfuko wa Rambo, soksi juu. Ana vyumba viwili vya kupanga na wa kwake watatu. Anauza maandazi. Na huyo ndiye aliyekuwa anaambiwa na mtu wa suti, mbele za Mungu, mgeukie jirani umwambie usiwe kuku.

Sijui kama mnaiona hasira yangu inakotoka.

Tai wa mahubiri yetu yuko peke yake. Angalieni vizuri. Anapanda peke yake, anajifanya upya peke yake, anapaa juu ya dhoruba na kuwaacha wa chini walowe. Ni injili ya mtu mmoja na mafanikio yake, imevishwa manyoya. Koo hana habari ya kujifanya upya. Anaatamia siku 21, anashuka kidogo kula na kunywa kisha anarudi mbio, kifua kinanyonyoka, ukimwinua unashangaa alivyokuwa mwepesi. Kama kuna sehemu nyumbani kwetu inayohubiri msalaba, ni kwenye lile tenga bovu nyuma ya jiko.

Lakini pia, tafadhali, tusiende upande wa pili. Wapo walioamua kila kitu cha nyumbani kiwe somo. Ufagio ni somo, kiberiti ni somo, umeme ukikatika ni somo (umeme ukikatika ni umeme umekatika). Yesu alitaja chachu, sarafu iliyopotea, rafiki anayegonga usiku kuomba mikate. Alitaja, akaendelea na safari, mara nyingi bila hata kueleza. Hakukaa nusu saa kutwambia chachu inawakilisha nini na beseni linawakilisha nini. Na ile chachu ya Mathayo 13 iliwekwa kwenye unga ambao wataalamu wanakadiria ni zaidi ya kilo 20. Muulizeni mama wa maandazi kukanda kilo 20 maana yake nini mabegani, kabla hamjamfanya kielelezo cha slaidi.

Hilo ndilo ombi langu kwa watumishi, na nalisema kwa heshima iliyobaki. Kabla ya kuandaa neno, pita uani. Kaa na watu wanaofanya kazi hizo, shika jembe kidogo, mwage maji kwenye kibanda, chanja kuku dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, tone moja jichoni, kila miezi mitatu, uone wanavyokuchafua. Ukitoka hapo utakuwa na mfano ambao hautahitaji kupigiwa kinanda.

Juzi nilimweleza haya mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye busara zake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hoja ambayo nadhani wengi wenu mnayo mdomoni. "Lakini binti yangu, mwisho wa kuku si sufuriani? Nani anataka kuhubiriwa aishie sufuriani?"

Nikamwambia, mzee, sura ile ni ya 23. Funua mpaka ya 26 na 27 uone yeye aliyejiita kuku aliishia wapi, na siku zenyewe hazikuwa nyingi.

Akafikiri. Akasema hoja hiyo ataipeleka kwenye kikao cha wazee. Kisha akaniuliza kama nina mayai ya kienyeji ya kumuuzia.