Mwenyekiti wa mtaa alipwe, lakini mtaa nao upewe mfuko

Hapa Tanzania, ukitaka kufungua akaunti ya benki, kumwekea ndugu yako dhamana, kuomba kitambulisho cha taifa au kuuza kiwanja, utaambiwa ulete barua ya serikali ya mtaa. Anayeisaini mara nyingi ni mwenyekiti, mtu aliyepigiwa kura na majirani zake na asiye na mshahara wa serikali. Mtendaji wa mtaa ameajiriwa na halmashauri, kwa hiyo mwisho wa mwezi anajua kitakachoingia. Mwenyekiti hana uhakika huo, na ndiye anayegongewa mlango saa saba usiku mwizi akikamatwa au mpangaji akitupiwa vyombo nje.

Wakazi nao wana lao, na nawaelewa. Barua hiyo hutozwa elfu mbili hapa, elfu tano kule, na risiti huioni. Kwenye mauzo ya viwanja na nyumba kumezoeleka madai ya asilimia 10 ya bei, na viongozi wa juu wameyakemea mara nyingi bila kuyamaliza. Kwa mama anayeuza maandazi, elfu tano ya muhuri ni faida yake ya siku nzima. Anadaiwa hiyo ili kuthibitisha kwamba anaishi mahali ambapo kila mtu anajua anaishi. Huo ni uonevu, hata kama anayeipokea ana njaa kweli.

Wanaotaka wenyeviti walipwe wanasema njaa hiyo ndiyo inayozaa vijisenti vya muhuri, na wana ushahidi wa kutosha. Bajeti ya 2021/22 iliwakumbuka watendaji wa kata na maafisa tarafa kwa posho ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenyekiti alibaki akitegemea uwezo na huruma ya halmashauri yake.

Wanaopinga wanasema uongozi wa mtaa ni wa kujitolea, na kwamba aliyegombea alijua hivyo. Hoja hii hainishawishi. Kazi imekua mno, na anayeweza kuifanya bure kwa miaka mitano ni mwenye kipato kingine, au mwenye mpango wa kukipata humohumo ofisini.

Hoja yao nzito ni gharama. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulihusu mitaa zaidi ya 4,200, vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 63,000. Ukimpa kila mwenyekiti shilingi 100,000 kwa mwezi, unazungumzia zaidi ya bilioni 95 kwa mwaka. Ukianza na mitaa peke yake, ni takriban bilioni 5. Hizo bilioni 5 zinabebeka, ila wenyeviti wa vijiji watauliza wao wamekosa nini, na swali lao litakuwa halali.

Mimi naona walipwe. Lakini posho haizibui mtaro. Mjadala huu umeng'ang'ania mfuko wa mwenyekiti, ukausahau mfuko wa mtaa. Kijiji kilichosajiliwa kinatambuliwa na sheria kuwa chombo kamili: kinashtaki na kushtakiwa, kinamiliki mali, kinatunga sheria ndogo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inakipa usimamizi wa ardhi yake. Mtaa wa mjini, hata ukiwa na watu maelfu kwa maelfu, hauna nguvu hizo. Taka zikirundikana kwa sababu mkandarasi hajapita wiki mbili, mwenyekiti hana mkataba naye. Mkataba uko halmashauri. Kazi yake ni kupiga simu na kusubiri, huku wakazi wakimtukana yeye.

Wapo wanaohofia kwamba mtaa ukipewa fedha zitaliwa, na hofu yao ina msingi. Mitaa mingi inapitisha miezi bila mkutano wa wakazi, na taarifa ya mapato na matumizi haisomwi. Isitoshe, mwaka 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, kwa hiyo kwenye kamati nyingi za mtaa hakuna mjumbe wa chama kingine wa kuuliza maswali magumu. Kwa hofu hiyo, fungu linapaswa kutolewa kwa masharti. Kuacha kulitoa kabisa kunamwadhibu mkazi kwa kosa la kiongozi wake.

Na chanzo kipo. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Mtaa wenye nyumba 1,000 za aina hiyo unachangia milioni 18 kila mwaka. Sehemu ya kumi tu ikirudi pale ilipotoka, mtaa unapata milioni 1.8, ambayo inatosha kulipa vijana wa kusafisha mitaro kabla ya masika na kununua taa kadhaa za vichochoroni. Matumizi yapitishwe kwenye mkutano wa wakazi, risiti zibandikwe ukutani ofisini, na barua ya utambulisho itolewe bure. Robo ya mwaka ikipita bila mkutano, fungu la robo inayofuata lisitoke, na posho ya mwenyekiti isimame pamoja nalo.